Daftari la Sala

Mama Pasi hakuwa na mtoto aitwaye Pasi. Jina hilo alipewa na wenzake kazini, kwa kuwa miaka kumi na minne alikuwa amesimama mbele ya pasi kubwa ya mvuke, ile yenye roli refu la kupitishia shuka, hata wakasema kwa utani kwamba siku mashine ile ikijua kusema, neno lake la kwanza litakuwa "mama". Alicheka, jina likamganda, na mwishowe hata mumewe akaanza kumwita hivyo nyumbani.

Kiwanda chao kilifua nguo za hospitali mbili na za hosteli kadhaa. Shuka ziliingia kwa mlango wa nyuma zikiwa zimerundikwa kwenye mikokoteni, zikafuliwa, zikakamuliwa, na zikamfikia zikiwa na unyevu wa kiasi tu cha kutoa mvuke zikiguswa na moto. Mvuke ule ulijaa chumba kizima. Jua la asubuhi likipenya madirishani, watu walionekana nusunusu, huyu kichwa, yule mikono, kana kwamba wote walikuwa wakifanya kazi ndani ya wingu. Mikono ya Mama Pasi ilijua la kufanya bila kuulizwa, kwa hiyo kichwa chake kilikuwa huru kwenda kilikotaka. Wengine walilalamikia joto. Yeye alisema hajawahi kusikia kazi nyingine ambayo mtu anaruhusiwa kuota huku amesimama.

Mwaka ule alikuwa amepata kitu kipya cha kuota, na kitu chenyewe kilikuwa katiba.

Mambo yalianzia kanisani. Mzee mmoja mwembamba, aliyestaafu kazi ya ukarani mahakamani na ambaye washirika wote walimwita Karani, aliomba chumba cha shule ya Jumapili ya watoto kiwe chake kila Jumamosi alasiri. Alitaka kufundisha haki za raia. Wapo waliokunja uso, wakisema kanisa ni mahali pa mambo ya mbinguni na katiba ni mambo ya wanasiasa. Karani hakubishana nao. Alisimama mbele ya washirika akawakumbusha habari ya mtume Paulo, siku askari walipomfunga kamba ili wamchape, naye akamgeukia ofisa aliyesimama karibu akamwuliza kama sheria inaruhusu kumchapa raia ambaye hajahukumiwa. Ofisa aliogopa, na kamba zikafunguliwa.

"Mtume hakuona dhambi kuijua sheria," Karani alisema. "Mimi nimekaa mahakamani miaka thelathini na moja. Nimeona wengi waliochapwa kwa sababu hawakujua swali la kuuliza."

Chumba akapewa.

Walikuwa saba tu, watu wazima wote, wameketi kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia masikio. Karani alifungua kwa sala, kisha akagawa vijitabu vyenye majalada yaliyopauka, wakasoma ibara moja polepole, kila mtu sentensi yake. Hakuwa na haraka hata kidogo. Angeweza kumaliza alasiri nzima juu ya neno moja, huku jua likihama kutoka ukuta huu hadi ule na michoro ya watoto iliyobandikwa pale ikiwaka na kuzimika. Siku moja aliwaambia kwamba kabla nchi yoyote haijaandika sheria yake, Mungu aliweka mti katikati ya bustani na hakuujengea ukuta. Alikataza kwa mdomo, basi. Alitaka watu, Karani alisema, hakutaka mifugo.

Mama Pasi alirudi nyumbani siku hiyo akitembea taratibu, kama mtu aliyebeba bakuli lililojaa hadi ukingoni.

Mumewe alikuwa mchora mabango, mtu wa kutazama umbo la herufi kabla ya maana ya neno. Alikichukua kile kijitabu, akakipekua mezani huku chai ikipoa, akasema aliyekiandika alikuwa na ugonjwa wa neno "kila". Kila mtu, kila mtu, kila mtu, ukurasa baada ya ukurasa. Angekuwa yeye, alisema, angelitoboa umbo lake kwenye karatasi ngumu mara moja, awe anapaka rangi juu yake tu, apumzishe mkono. Mama Pasi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Lakini tangu hapo kila alipofungua kijitabu neno hilo lilimtangulia machoni. Kazini akaanza kuzipa shuka majina ya ibara. Hii ya uhai, hii ya faragha, hii ya kusema na kusikilizwa, hii ya dhamiri. Zilipita kwenye roli nyeupe na laini, mvuke ukapanda, naye akayarudia maneno kimoyomoyo hadi akayajua yote bila kutazama.

Nyuma ya ukuta wa pasi kulikuwa na chumba kidogo cha kushonea, na ndani yake aliketi mwanamke waliyemwita Sindano. Kazi yake ilikuwa kutia viraka shuka zilizochanika, na alivitia kwa ustadi wa kiasi kwamba mgonjwa angelalia kiraka mwezi mzima asijue. Alikuwa mtu wa maneno machache. Yeye na Mama Pasi walikula pamoja kila mchana juu ya paa, kwenye kamba walikoanika foronya, na ulikuwa urafiki wa aina ile ambayo mtu anaweza kukaa saa nzima na mwenzake bila kufungua kinywa na bado akaondoka ameshiba maongezi. Wafanyakazi wa siku nyingi walijua kwamba miaka mitatu nyuma Sindano alimzika binti yake wa pekee. Waliokuja baadaye hawakujua, na mmoja wa hao waliokuja baadaye alikuwa mwenye kiwanda.

Huyo alikinunua kiwanda miaka miwili tu iliyopita. Alikuwa mzee wa kanisa, kanisa lile lile la Mama Pasi na Karani, na wafanyakazi walimwita Mzee bila kuongeza kitu. Hakuwa mtu mbaya. Mwanzoni mwa mwaka mkewe aliugua, akalazwa miezi miwili katika mojawapo ya zile hospitali, juu ya shuka zilizopita mikononi mwa Mama Pasi. Mzee akala kiapo mbele za Mungu. Mkewe akiinuka, alisema, watu wote arobaini wa kiwanda chake watasimama kila asubuhi kumshukuru Mungu kabla mashine haijawashwa. Mkewe akainuka.

Basi sala zikaanza, robo saa kila asubuhi, katika chumba cha kukunjia. Wiki za kwanza zilikuwa tamu. Mama Pasi ndiye aliyeanzisha nyimbo, kwa sauti yake ile nzito iliyoonekana kutoka chini ya sakafu, na wengine wakamfuata. Mashine zikiwa kimya na mwanga ukiingia kwa madirisha ya juu, shuka zilizokunjwa zilisimama kandokando kama nguzo za jengo jeupe. Mara nyingine alifumba macho akahisi chumba chote kimenyanyuka kidogo kutoka ardhini.

Sindano hakuja. Alikaa kwenye chumba chake cha kushonea, mlango umerudishwa, mikono mapajani, hadi sala iishe. Hakuna aliyemwuliza.

Kisha Mzee akaanza kuona mapengo. Watu wawili wa dini nyingine walikuwa wakichelewa makusudi, na kijana mmoja wa mashine za kufulia alikuwa akijificha chooni. Mzee aliona deni lake kwa Mungu halitimii, akanunua daftari. Kila aliyesali alitia sahihi. Wale wawili walianza kuja, shingo upande, wakasimama karibu na mlango na kuandika majina yao bila kutazama walichoandika. Yule wa chooni naye akaja. Mwisho wa mwezi mistari yote ilikuwa na sahihi isipokuwa mmoja, na Ijumaa moja Sindano akapewa barua. Aliandikiwa kwamba amekaidi utaratibu wa kazi. Alipewa mpaka Jumatatu ya wiki ya pili, ama atie sahihi, ama aondoe vitu vyake mezani.

Mama Pasi aliisoma barua hiyo juu ya paa, foronya zikipepea kichwani pao. Aliisoma mara mbili. Akamwuliza mwenzake atafanya nini.

"Nitaondoka, dada," Sindano alisema. "Sitaki kelele."

Mama Pasi alimwambia, kwa upole, kwamba ni robo saa tu, na kwamba angeweza kusimama pale na kuwazia mambo yake. Alijisikia vibaya hata kabla hajamaliza kusema. Sindano alikuwa akiikunja barua, akiikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kifungo.

"Siku tunamzika," alisema, "mchungaji alimaliza kuomba, na mimi nikasema amina. Ile ndiyo ilikuwa ya mwisho niliyokuwa nayo. Sina nyingine, dada. Nikisema isiyokuwepo nitakuwa ninamdanganya Mungu wenu na mwanangu pia."

Hakulia. Aliinuka, akazigusa foronya kuona kama zimekauka, akaanza kuzianua.

Kesho yake, Jumamosi, Mama Pasi aliketi nyumbani kungoja saa ya kwenda darasani, na usingizi wa mchana ukampitia hapo hapo kitini. Aliota yuko kwenye chumba cha kukunjia na watu wote wanaimba, ila wote walikuwa wakiimba kwa sauti yake. Midomo ilikuwa yao, sauti ilikuwa yake. Wale wawili wa mlangoni, kijana wa mashine, Mzee mwenyewe, wote sauti moja. Sindano alikuwepo pia, amesimama katikati, kimya. Ndotoni Mama Pasi aliingiwa na hofu, akawa anamkaribia yule rafiki yake hatua kwa hatua, kwa sababu katika chumba kizima ule ukimya ndio pekee uliofanana na mtu. Alipozinduka chai ya mumewe ilikuwa bado inatoa mvuke. Alikuwa amelala dakika mbili, labda tatu.

Darasani aliomba warudie ibara ya dhamiri. Waliisoma. Ilisema kila mtu ana uhuru wa dhamiri na wa imani, na kwamba mtu asilazimishwe kushiriki ibada asiyoiamini, wala asinyimwe kazi kwa sababu hiyo. Mama Pasi akauliza kama "kila mtu" ni pamoja na mtu ambaye kwa sasa haamini chochote. Karani alimtazama juu ya miwani.

Alijibu kwamba ndiyo, huyo hasa. Kisha, baada ya wengine kuondoka, alimsikiliza habari yote. Hakumshauri akimbilie ofisi za serikali, ingawa alimwambia zipo na njia ya kufika alimwonyesha. Alisema Maandiko yana utaratibu wake ndugu anapokosea. Mtu humwendea ndugu yake kwanza, wawili peke yao, bila hadhara. Halafu akamwambia jambo ambalo hakuwahi kulisema darasani. Kwamba alipokuwa karani kijana aliwahi kushika faili la bwana mmoja aliyeshtakiwa kwa kosa ambalo sheria haikulijua, naye aliona hivyo wazi, akapiga mhuri wake akapeleka faili mbele, kwa kuwa kazi yake ilikuwa mihuri. Hakusema bwana yule alipatwa na nini. Alianza kuvipanga viti vya watoto, kimoja juu ya kingine.

Jumatatu, baada ya sala, Mama Pasi alijikaza kisabuni akapanda ngazi za ofisi.

Mzee alimpokea vizuri, akampa kiti, akausifu wimbo wa asubuhi ile. Mama Pasi alitoa kijitabu kwenye aproni yake, kikiwa kimelowa kidogo kwa mvuke, akasoma ile ibara kwa sauti. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akamwambia bila ukali kwamba ameshangaa. Hakutegemea dada wa kanisa, tena mwimbishaji, amletee maneno ya wanasiasa kuzuia watu kumwomba Mungu. Akamweleza habari ya mkewe na kile kiapo, ambacho Mama Pasi alikuwa amekisikia kwa minong'ono tu.

"Nilimwahidi Mungu watu arobaini," alisema. "Sasa ninao thelathini na tisa."

Mama Pasi alimwonea huruma. Ingekuwa rahisi kunyamaza. Alitazama mikono yake, iliyokuwa na makovu madogo ya moto kuanzia kwenye vidole hadi kwenye viwiko.

"Mzee wangu," alisema, "uliahidi kitu ambacho hakikuwa chako."

Akaona asipoendelea hapo hataendelea tena, akamkumbusha yule kijana tajiri aliyemjia Bwana Yesu, akaambiwa la kufanya, akaona ni zito, akaondoka zake akihuzunika. Bwana alimpenda yule, alisema. Imeandikwa hivyo. Na bado alimwacha aende. Hakumtuma mwanafunzi hata mmoja akamrudishe kwa nguvu. "Kama Yeye hakumshika mtu mkono," Mama Pasi alisema, "sisi tumepewa na nani daftari?"

Mzee alisimama. Alisema mazungumzo yamekwisha, na kwamba kama anaona uchungu sana kwa ajili ya mkaidi, yeye pia ana hiari ya kuchagua upande.

Mama Pasi alishuka ngazi akarudi kwenye pasi yake. Alizipitisha shuka siku hiyo bila kuona hata moja.

Asubuhi iliyofuata hakuingia kwenye chumba cha kukunjia. Aligonga mlango wa Sindano, akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi juu yake. Mama Pasi alitamani kuomba, lakini aliona si adabu kuomba kwa sauti kwenye chumba cha mwenzake, kwa hiyo aliomba ndani kwa ndani, maneno machache, na mengine aliyaacha kama yalivyo. Upande wa pili wa ukuta walikuwa wakijaribu kuanzisha wimbo. Ulianza juu mno, ukavunjika, ukaanzwa tena. Sindano alitunga uzi kwenye sindano, na pembe ya mdomo wake ikapanda kidogo.

"Bila wewe wanaimba kama mlango wenye kutu," alisema.

Wiki hiyo walimwandikia Mzee barua, wao wawili, kwa mwandiko wa Sindano na maneno ya Mama Pasi, na Karani akaipitia. Haikuwa na matusi wala vitisho. Ilitaja ibara, ikataja kwamba kazi ya mshonaji haijawahi kulalamikiwa, ikaomba barua ya Mzee ifutwe na daftari liondolewe, na chini kabisa ikasema kwamba wakikosa jibu wataipeleka mbele kwenye ofisi ya kazi. Wale wawili wa mlangoni waliomba nao watie sahihi. Kijana wa mashine hakuomba kutia sahihi, ila aliacha kwenda kwenye sala, na safari hii hakujificha chooni. Alikaa waziwazi juu ya beseni lililopinduliwa.

Kanisani habari zilitangulia. Kiongozi wa kwaya alimwambia Mama Pasi apumzike kidogo mstari wa mbele. Dada mmoja aliyemjua tangu ujana alimwuliza kama kweli anawatetea wasiomjua Mungu. Mama Pasi alirudi nyumbani akakaa jikoni na viatu miguuni. Mumewe alikuwa na rangi ya bluu hadi kwenye nyusi. Alimvua viatu, kimoja kimoja, akaviweka kando ya mlango, na baadaye ndipo akasema kwamba katika maisha yake amechora mabango ya kila aina, ya maduka na ya makanisa, na hajawahi kuona bango lililomwingiza mtu mlangoni kwa nguvu.

Jumamosi, darasa likiwa limeshaanza, mlango ukafunguliwa na Mzee akaingia.

Alikuwa amevaa suti. Alitafuta kiti, akakuta ni vya watoto tu, akaketi, na miguu yake mirefu haikupata pa kukaa. Alikuwa na ile barua mkononi. Alimwambia Karani kwamba amekuja na swali moja. Je, sheria inamkataza kuomba mahali pake pa kazi?

Karani alimjibu hapana. Ibara ile ile, alisema, ndiyo inayomlinda. Anaweza kuomba kiwandani kwake, kuimba, kualika. Hakuna afisa wala jirani anayeweza kumzuia. Kinachokatazwa ni kumburuta mwenzake.

Mzee aliigeuza barua mkononi. Mwanga ulikuwa umefika kwenye michoro ya watoto, kondoo wa zambarau na safina yenye magurudumu. Alipoanza kusema hakuwa akisema na Karani hasa. Alieleza kwamba baba yake, miaka ya zamani, aliwekwa ndani wiki mbili kwa kusali nyumbani kwa jirani. Wakati huo vikundi vilihitaji kibali na wao hawakuwa nacho. Yeye alikuwa mdogo, alipeleka chakula pale kituoni pamoja na mama yake. Askari alimwambia baba yake kwamba atatoka siku hiyo hiyo akitia sahihi kwenye karatasi, kwamba hatasali tena. Baba alikataa kalamu.

"Nilisimama pale nikaiona ile kalamu," Mzee alisema.

Mama Pasi, aliyekuwa ameketi viti viwili kutoka kwake, aliona uso wake ukibadilika polepole, kama shuka inavyobadilika ikiingia upande mmoja wa roli imekunjamana na kutokea upande wa pili imenyooka. Hakuna aliyemsaidia, na ilikuwa vizuri kwamba hakuna aliyemsaidia. Mwisho aliikunja barua, akaitia mfukoni, akauliza wako ibara ya ngapi. Mtu akamwazima kijitabu. Alikaa mpaka mwisho wa darasa, na zamu yake ilipofika alisoma sentensi yake kama wengine.

Jumatatu asubuhi hakwenda kwanza kwenye chumba cha kukunjia. Alikwenda kwa Sindano, akasimama mlangoni kofia mkononi. Alimwambia ile barua ya onyo ameifuta, na kwamba amekosa, na anaomba msamaha. Akamwuliza, kwa sababu hakujua na aliona sasa kwamba alipaswa kuuliza zamani, ni kitu gani kilichomfanya asiweze kusali. Sindano angeweza kukataa kujibu. Alimtajia umri wa binti yake, miaka tisa, na jina la wodi. Ilikuwa wodi ya ghorofa ya pili, katika hospitali ile ile ambako mke wa Mzee aliinuka kitandani.

Mzee hakumpa maneno ya faraja. Labda alitaka, lakini hakuyatoa, na baadaye Sindano alimwambia Mama Pasi kwamba hilo ndilo alilomshukuru.

Daftari halikuonekana tena. Mzee aliwatangazia wote kwamba anayetaka kusali aje, asiyetaka apumzike robo saa yake, na hakuna atakayeulizwa. Siku ya kwanza walikuja kumi na mmoja. Mzee aliwahesabu kwa macho. Mama Pasi alirudi mahali pake pa zamani, akaanzisha wimbo. Chumba kilikuwa na nafasi nyingi sasa, na wimbo ulisikika mwembamba, lakini kwa mara ya kwanza aliweza kumtambua kila mmoja kwa sauti yake. Mfanyakazi mmoja wa mikokoteni alikuwa na besi nzuri ambayo miezi yote ile hakuwahi kuisikia. Mke wa Mzee alikuja pia, akitembelea fimbo, akaimba akiwa ameketi.

Kwenye kwaya ilimchukua miezi minne kurudishwa mstari wa mbele. Dada yule wa ujana hajamsalimia vizuri hadi leo.

Wiki kadhaa zikapita. Jumamosi moja, Mama Pasi akiwa anavuka uwanja wa kanisa kwenda darasani, alimkuta Sindano amesimama kando ya ukuta, mkoba kifuani. Sindano alisema amekuja kusoma, si kusali. Angesubiri nje mpaka wamalize kuomba. Mama Pasi aliingia akamweleza Karani. Karani akasema sawa, akafungua kwa sala kama kawaida, fupi kidogo kuliko siku nyingine, na baada ya amina akaenda mwenyewe kuufungua mlango.

Sindano aliketi kwenye kiti cha mwisho, kando ya Mama Pasi. Alipewa kijitabu, akakigeuza mikononi kama anavyogeuza shuka kutafuta palipochanika. Wakasoma. Zamu yake ilipofika alisoma vizuri, bila kukwama. Karani akauliza kama kuna mwenye swali. Nje mtu alikuwa akifagia, na sauti ya ufagio ilikuja na kwenda.

"Kuna mahali pameandikwa," Sindano aliuliza, "kwamba mama ana haki ya kuambiwa mwanawe alikufa kwa nini?"

Aliuliza kwa sauti ile ile ndogo aliyotumia kuomba uzi. Ilionekana alikuwa amekaa na swali hilo miaka mitatu, akilishona na kulifumua, bila kujua kwamba ni swali ambalo mtu anaweza kuliuliza mbele ya watu.

Karani alivaa miwani. Mzee, aliyekuwa amezoea sasa kukunja miguu yake chini ya kile kiti kidogo, aliinamia kijitabu chake. Kwa muda chumba kizima kilikuwa na sauti ya kurasa tu, watu tisa wakipekua, polepole, mbele na nyuma. Mama Pasi alilamba kidole chake chenye kovu, akapita ibara ya faragha, akapita ya kusema na kusikilizwa, na alipoona mstari unaoanza kwa "kila mtu" na kutaja haki ya kupewa habari, alikisogeza kijitabu juu ya mapaja ya rafiki yake akamwonyesha.